Daftari la Mama na Bei ya Lita Moja ya Maziwa

(Hotuba niliyoitoa Tanga mjini mbele ya wafugaji, wauza maziwa na walimu. Nimeiandika upya kwa ajili ya wasomaji.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Hamjambo wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliobanana huko mlangoni?

Nimeombwa nizungumzie bei na kipato, na namna vinavyoamua maziwa mangapi yaingie katika nyumba zetu. Nimefundisha uchumi sekondari miaka 23. Kazi hiyo imenizoesha kuanza na mchoro ubaoni, mstari mmoja unashuka, mwingine unapanda, wanafunzi wananakili, kengele inalia. Leo sikuleta chaki. Nimeleta hili daftari.

Jalada lake lilikuwa la bluu, sasa rangi imekwenda, limebaki kama jivu. Kona zimeliwa na mende. Ukurasa wa kati una alama ya duara ya kitako cha kikombe. Ni la mama yangu, Mungu amrehemu. Alifuga ng'ombe wawili chotara kule Pongwe, pembeni ya mji huu wa Tanga, na humu ndimo alimoandika kila lita iliyotoka nyumbani kwetu, kwa penseli aliyoichonga kwa kisu cha jikoni. Mkono wa kushoto majina ya wanunuzi, juu tarehe. Aliyechukua maziwa anapigiwa mstari mdogo. Asiyechukua anawekewa kiduara, kama yai.

Nilipokuwa mtoto niliyaona mayai hayo kama pambo tu. Nikaja kuyasoma baada ya maziko yake, na mimi nimekwishakuwa mwalimu wa uchumi, na nikakaa chini kwenye mkeka nisiinuke kwa muda mrefu. Kila nilichokuwa nikikifundisha kimo humu, kwa majina ya watu ninaowajua.

Ukurasa ni kama hivi. Tarehe mosi hadi kumi, mistari mitupu, hakuna yai. Kumi na tano mayai yanaanza, moja huku, mawili kule. Ikifika ishirini na mbili, ishirini na tatu, ukurasa umejaa mayai. Tarehe mosi ya mwezi unaofuata, mistari tena. Bei ya maziwa mwezi mzima haikubadilika hata senti. Maziwa ni yale yale, ng'ombe ni wale wale, watoto wa majirani walikuwa na njaa ya tarehe 25 kama ile ya tarehe 5. Kilichobadilika ni mfuko. Wengi wa wanunuzi wa mama walikuwa watu wa mishahara midogo na vibarua wa mashamba ya mkonge, na mshahara una mwendo wake mwilini mwa nyumba kama homa, unapanda na kushuka.

Ndiyo maana nasikia uchungu kila nikikaa katika mikutano yetu ya maziwa. Kila mwaka tarehe 1 Juni, Siku ya Maziwa Duniani, tunasimama na kuwaambia watu: kunyweni maziwa, maziwa ni afya, maziwa ni akili ya mtoto. Ni kweli tupu. Lakini tunayasema hayo kana kwamba mama wa mtaa wa Makorora hajui. Anajua. Mpe pesa mkononi uone atanunua nini kwanza. Mimi nimekuja kusema jambo moja tu hapa: watu wetu hawanywi maziwa machache kwa sababu ya ujinga, wanakunywa machache kwa sababu ya hesabu. Basi tuifanye hesabu hiyo, mbele ya wote, tuone inavyokuwa.

Mnaisikia mara kwa mara ile lita 200 kwa mtu kwa mwaka, ambayo wataalamu wetu huitaja kama kiwango kinachopendekezwa. Takwimu za serikali za miaka ya karibuni zinasema Mtanzania anakunywa lita 60 na ushei. Kwa siku, hizo 60 ni kama kikombe kimoja kidogo cha chai. Hizo 200 ni nusu lita na zaidi kidogo. Sasa chukua nyumba ya watu watano. Watano mara 200 ni lita 1,000 kwa mwaka. Nichukue bei ya duara, shilingi 2,000 kwa lita, msinishike shati wenye bei ya juu na wenye bei ya chini. Hizo ni shilingi milioni 2. Haya, turudi kwenye kipato. Amri ya mishahara ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa kilimo shilingi 140,000 kwa mwezi. Zidisha kwa 12. Unapata 1,680,000.

Mmeona? Mtu anakata mkonge mwaka mzima, hali, havai, halipi kodi ya chumba, hapeleki mtoto hospitali, anapeleka mshahara wote kwa muuza maziwa, na bado hafiki kwenye lita 200. Tangu hapo kima kimepandishwa, na bei nazo hazikulala. Mwite mtu huyo umpe semina ya umuhimu wa maziwa. Atakusikiliza kwa adabu, atakunywa soda ya semina, atarudi nyumbani kwa mkewe wanywe chai ya rangi.

Mwaka 1857 Mjerumani mmoja mtakwimu, Ernst Engel, alichukua matumizi ya familia za wafanyakazi wa Ubelgiji akayachambua. Aligundua kwamba kadiri nyumba ilivyo maskini, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya kipato chake inavyokwenda kwenye chakula. Jambo hilo limepimwa tena na tena duniani kote na bado limesimama. Lakini ndani ya chakula chenyewe kuna mpangilio, na hapo ndipo maziwa yanapokaa. Shilingi ya kwanza haiendi kwenye maziwa. Inakwenda kwenye unga, inakwenda kwenye mchele wa kupima, kwenye dagaa, mafuta na chumvi. Tumbo likishatulia, shilingi inayobaki ndiyo inayoanza kutazama huku na huku, nyama kidogo, mayai, matunda, maziwa. Kwa hiyo kipato cha maskini kikiongezeka kwa shilingi 10, unga hauongezeki sana, maana tumbo lina mwisho. Maziwa yanaruka. Na kikipungua, maziwa ndiyo yanayoshuka kwanza.

Wachumi wana neno la kupima ruka-shuka hiyo. Wanaita mnyumbuko wa mahitaji. Fikirini mpira wa manati, ukiuvuta kidogo unakwenda mbali. Chumvi haina mnyumbuko, ipandishe bei uone kama kuna atakayetia pungufu kwenye mchuzi. Maziwa kwa nyumba maskini ni mpira. Kwa nyumba tajiri ni kama chumvi, hawashtuki. Ndiyo sababu mtu akiniuliza, "Mwalimu, bei ikipanda watu wanapunguza maziwa kwa kiasi gani?" huwa namuuliza kwanza: watu gani?

Jibu hilo limo kwenye daftari. Mwaka 1999 pumba na mashudu vilipanda, na mama akapandisha lita kutoka shilingi 250 hadi 300. Hiyo ni asilimia 20. Alikuwa na wanunuzi 18, wanachukua lita 15 kwa siku. Nimehesabu kwa kidole, mstari kwa mstari. Baada ya bei mpya, wawili waliokuwa wakichukua nusu nusu waliacha kabisa. Watatu waliokuwa wakichukua lita wakashuka hadi nusu. Zikabaki lita 12 na nusu. Sasa zidisheni wenyewe. Lita 15 kwa 250 ni shilingi 3,750. Lita 12 na nusu kwa 300 ni shilingi 3,750.

Senti kwa senti! Mama alipandisha bei, akagombana na majirani wawili, na jioni pesa iliyokuwa kwenye kitambaa ilikuwa ile ile. Alichoongeza ni maziwa yaliyobaki, lita mbili na nusu, akayagandisha mtindi.

Lakini kilichonishika zaidi ni majina. Aliyekuwa na mgahawa njia panda hakutikisika, yeye alipandisha bei ya kikombe cha chai siku ile ile. Mzee mmoja mstaafu, yeye na mkewe tu nyumbani, hakutikisika. Wale watatu walioshuka kutoka lita hadi nusu, nawajua wote, nilicheza na watoto wao. Nyumba za watoto watano, sita. Na wale wawili walioacha, mmoja alikuwa mjane. Kwa hiyo ukiniambia "mahitaji yalipungua kwa asilimia 17," utakuwa umesema kweli, na utakuwa umeficha kweli. Upungufu ule haukugawanywa sawa. Ulibebwa na watoto wa nyumba tano, na nyumba kumi na tatu hazikujua kama kuna kilichotokea.

Niseme na hili, kwa wanafunzi walioko hapa, maana linatoka kwenye mtihani. Bei inapopanda, mambo mawili yanatokea kwa pamoja ndani ya kichwa cha mama mwenye nyumba. La kwanza, maziwa yamekuwa ghali ukiyalinganisha na vingine, kwa hiyo anatafuta mbadala: kipakti cha maziwa ya unga, tui la nazi kwenye uji, au anayaacha. La pili, mfuko wake umekuwa mdogo. Hakupunguziwa mshahara, lakini ile pesa yake hainunui tena vitu vile vile, na kwa hiyo anapunguza na vitu vingine, hata visivyopanda bei. Mchumi mmoja wa Kiev, Slutsky, aliyatenganisha mambo haya mawili kwa hesabu mwaka 1915. Mama mwenye nyumba hayatenganishi. Yeye anasikia kitu kimoja, kubanwa.

Na kubanwa kunaweza kutoka upande usioutazamia. Mnakumbuka sukari mwanzoni mwa 2024? Mvua za El Niño zilivuruga uvunaji wa miwa, viwanda vikazalisha kidogo, kilo ikavuka shilingi 4,000 sehemu nyingi, hadi serikali ikatangaza bei elekezi. Dada yangu anauza maziwa Mikanjuni. Bei yake hakuigusa. Maziwa hayakupungua ubora. Na bado wanunuzi wake wa asubuhi walipungua wiki baada ya wiki, akaja kwangu ananilalamikia kwamba pengine kuna mtu amemsema vibaya. Nikamwambia dada, hakuna aliyekusema. Maziwa yako hayanunuliwi peke yake. Yananunuliwa pamoja na sukari, majani ya chai na maandazi. Sukari ikiondoka, chai ya maziwa inaondoka, na maziwa yako yanaondoka nayo. Muuza maziwa wa Tanga anatakiwa aangalie bei ya sukari kama mvuvi anavyoangalia upepo.

Upepo wenyewe pia una habari yake. Sisi watu wa pwani tunajua kaskazi. Kuanzia Januari hadi Machi jua linachoma, majani yanakauka, mfugaji anakwenda na baiskeli hadi mbali kutafuta matete, na ng'ombe aliyekuwa akitoa lita nane anatoa tano. Maziwa yanaadimika, bei inapanda. Kisha masika inaingia, majani yanajaa, maziwa yanajaa, bei ya mfugaji inaanguka. Hayo ni ya kila mwaka. Lakini Ramadhani nayo inatembea, inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na miaka hii imeangukia humo humo ndani ya jua. Ule wakati ambao kila nyumba Tanga inataka maziwa ya tambi, ya uji, ya kaimati, ya chai ya daku, ndio wakati ambao ng'ombe hana cha kutoa. Mahitaji yako kileleni, maziwa yako bondeni. Mwenye friji na mtaji ndiye anayecheka. Mwenye kibarua anafuturu na chai ya rangi, mkandaa kama walivyouita wazee, mwezi ambao angetaka kuwaheshimu watoto wake kwa kitu kizuri.

Na sitaki kuficha lililotukuta sisi upande wa wafugaji. Masika moja mnunuzi wetu mmoja mkubwa alituambia maziwa yamezidi, akapunguza bei, na siku nyingine akarudisha madumu yakiwa yamejaa. Kaka yangu aliyapandisha tena kwenye baiskeli, akayarudisha Pongwe kwa jua la saa nne. Yakaharibika. Wiki ile ile niliingia duka moja mjini nikatazama pakti ya maziwa kwenye friji. Bei yake haikuwa imeshuka hata shilingi moja. Nimesimama pale nikiwa nimeishika ile pakti, baridi, nikafikiria dumu la kaka. Bei ikipanda kwa mfugaji, dukani inapanda kesho yake. Ikishuka kwa mfugaji, dukani haishuki. Katikati hapo, mnywaji ambaye angeweza kuongeza kikombe masika hapewi nafasi ya kuongeza, na mfugaji ambaye angepata soko anayamwaga maziwa.

Siwaonei wasindikaji. Najua gharama za umeme, za kupoza, za pakti zenyewe, za gari. Mkoa huu una historia ambayo mikoa mingi inaitamani. Tangu miaka ya 1980, kwa ushirikiano na Uholanzi, familia ndogo ndogo zilikopeshwa mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, zikalipa kwa mtamba. Mwaka 1993 vyama vya msingi vikaungana kuwa TDCU, ushirika wetu wa wafugaji wa maziwa Tanga, na kutoka hapo kikazaliwa kiwanda cha Tanga Fresh. Maziwa ya mama wa kijijini yalianza kufika Dar es Salaam. Hilo ni jambo kubwa, na kila nikipanda basi nikakuta mtu wa mkoa mwingine anakunywa mtindi wa Tanga, nafurahi peke yangu. Ila nchini kwetu bado sehemu ndogo sana ya maziwa yanayozalishwa ndiyo inayopita kiwandani. Mengi ya yanayobaki yananunuliwa kama mama yangu alivyouza, kwa kopo, mlangoni. Kwa hiyo tukiongea bei ya maziwa huku tukiwa na pakti tu akilini, tumeiacha nyumba ya kawaida nje ya mazungumzo.

Maziwa nayo si kitu kimoja. Hapa nitapita haraka. Maziwa ya chai ndiyo ya mwisho kuachwa, watu watayapunguza kwa maji lakini kikombe kitabaki na rangi. Mtindi unafuata. Maziwa ya pakti yanaachwa mapema. Jibini na siagi kwa nyumba nyingi ni habari za hotelini. Na samli, wallahi samli naihuzunikia. Bibi yangu hakujua pilau ya harusi isiyo na samli. Mafuta ya kula yalipokuwa rahisi, samli ikageuka kitu cha kupaka juu kwa kijiko, cha kunukia tu. Kipato kikipanda, watu wanapanda ngazi hiyo hatua kwa hatua. Kikishuka, wanaishuka haraka zaidi ya walivyoipanda.

Mkoa huu unajua kushuka. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge, na Tanga ndiyo iliyokuwa moyo wake. Zikaja kamba za plastiki, bei ya dunia ikaanguka, mashamba yakafungwa, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umebaki kama sehemu moja ya kumi. Wazee mliopo hapa mliyaona majumba ya makambi yakibaki magofu. Hakuna aliyeandika wakati ule ni vikombe vingapi vya maziwa vilivyopotea pamoja na ajira zile. Lakini ukifungua daftari hili ukaona wanunuzi wanalipa nusu, wanaomba mali kauli hadi mwisho wa mwezi, wanarudi na sahani ya mihogo badala ya pesa, unauona mkonge umelala humo ndani.

Sasa, nimekaa na jambo hili miaka mingi na nina maombi. Nayasema kama mtoto wa mfugaji.

Kwanza kipimo kidogo. Nimepita dukani mtaani kwangu, lita ni shilingi 2,000, robo lita ni shilingi 600. Piga hesabu: anayenunua robo robo analipa 2,400 kwa lita. Yaani mwenye pesa ya kutosha lita anauziwa rahisi, na asiyekuwa nayo anatozwa zaidi kwa sababu hana. Mkono mtupu haulambwi, wahenga walisema, lakini huu si mtupu, una 500 ndani yake, na tunaurudisha. Muuzaji mwenzangu, robo iuze 500. Ukihofia hasara ya kumwagika na ya muda, jaribu mwezi mmoja. Nyumba nyingi hazipati kipato cha mwezi, zinapata cha siku: bodaboda, mama lishe, kibarua wa bandarini. Pesa ya siku hununua kipimo cha siku.

Pili, masika. Bei ya mfugaji ikishuka, ishuke na dukani, na itangazwe. Mpira wa manati unavutika pande zote mbili. Nyumba zile tano za mama yangu zilizokimbia kwa shilingi 50 zingerudi kwa shilingi 50. Tunayamwaga maziwa Aprili halafu Juni tunahubiri umuhimu wake.

Tatu, shule. Nchi yetu imekuwa na maadhimisho ya Siku ya Maziwa Shuleni kila Septemba, na kuna shule ambazo watoto wamewahi kupewa maziwa. Hilo ndilo jambo linalomfikia mtoto bila kupitia mfuko wa nyumba yake. Halmashauri ikitenga fungu, likanunua maziwa ya masika yanayorudishwa kwenye madumu, mfugaji anapata bei na mtoto anapata kikombe. Sijaona mpango mwingine unaoshika ncha zote mbili kwa mkono mmoja namna hiyo.

Na sasa nije kwenye ukurasa ambao sikutaka kuufungua, ila nimewaahidi wenzangu walioniita kwamba nitaufungua.

Chini kabisa ya majina 18 mama aliandika jina la kumi na tisa. Aliandika "Nyumbani." Ndio sisi. Ng'ombe wale wawili walitoa kama lita 17 kwa siku, 15 za kuuza na mbili zetu, za jioni. Kwa siku nyingi mstari wa Nyumbani una alama ya mbili. Lakini bei ilipopanda, na kisha ilipopanda tena kiangazi kile kwa sababu maziwa yaliadimika, mstari wetu unabadilika. Moja. Nusu. Halafu mayai, matatu, manne mfululizo.

Vitabu vina maelezo yake. Nyumba ya mfugaji ni muuzaji na mnywaji kwa pamoja. Bei ikipanda, kipato chake kinapanda, na ungetegemea anywe zaidi. Lakini kila kikombe anachokinywa sasa kinamgharimu zaidi, kwa sababu angeweza kukiuza. Ipi itashinda kati ya hizo mbili inategemea jinsi nyumba ilivyobanwa. Kwetu ilishinda ya pili. Kulikuwa na ada ya shule. Ada ile ilikuwa yangu.

Nilikuwa nikinywa chai ya rangi asubuhi nakwenda shule, nyuma yangu banda la ng'ombe wa maziwa, na sikuwahi kujiuliza. Mama hakusema. Aliweka yai kwenye ukurasa, akaendelea.

Kwa hiyo wafugaji wenzangu, mnaosema bei ikipanda ni neema, nami nataka ipande mpate haki yenu, nawaomba mtazame na kikombe kilichoko jikoni kwenu. Na nyinyi mnaokuja kufanya utafiti na fomu zenu, msiulize tu "unauza lita ngapi?" Ulizeni na hizo nyingine zilikwenda wapi.

Pale mezani karibu na mlango nimeweka madaftari 40, ya kurasa 96, pamoja na penseli. Nimenunua kwa pesa yangu. Atakaye auze maziwa mwaka mzima huku anaandika, tarehe juu, majina pembeni, mstari kwa aliyechukua, yai kwa asiyechukua, na bei ya siku hiyo pembeni, na bei ya sukari pia mkiweza. Muandike Nyumbani jina la kwanza, msiliweke mwisho kama mama alivyofanya. Tutakutana hapa hapa mwakani mwezi kama huu, kila mtu na lake, tuyafungue pamoja kabla hatujakaa na halmashauri kuzungumza bei.

Ahsanteni. Wanaoanza kuchukua, tafadhali mmoja mmoja, na mwandike majina yenu kwa kijana aliyekaa pale.